Kila swali linaishia kwangu: nifunge biashara, niajiri meneja, au ninunue programu?

Swali la msomaji: "Ndugu mshauri, nina biashara ya uchapaji niliyoianzisha miaka saba iliyopita. Tuna wafanyakazi tisa na oda hazikatiki, lakini mimi nimekwisha. Kila swali linakuja kwangu: bei, punguzo, prufu, karatasi ipi itumike, mteja huyu akopeshwe au la. Naamka saa tisa usiku nikiwaza oda ambayo sijui kama imekatwa au bado. Wateja niliowapenda, sasa wakipiga simu napandwa na hasira. Nilichukua likizo ya wiki moja, na kabla ya wiki ya pili kazini kuisha nilikuwa palepale. Mume wangu anasema niajiri meneja. Rafiki yangu anasema nifunge nipumzike. Mwingine ananishauri ninunue programu ya kusimamia kazi. Nishike lipi?"

Dada yangu, pole sana. Nitakujibu kwa urefu, maana barua yako ina mambo mawili yaliyoshikana, la mwili wako na la biashara yako, na ukishughulikia moja ukaliacha la pili yatarudi yote.

Nianze na mwili. Kabla hujagusa utaratibu wowote kazini, nenda ukapimwe. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kisukari na sonona vyote huweza kuleta uchovu unaofanana na huo unaoueleza, na hakuna mpangilio wa ofisi utakaotibu upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linauhesabu uchovu uliokithiri wa kazi kuwa ni hali inayotokana na kazi, haliuiti ugonjwa, na linautambua kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuhisi kwamba huna tena ufanisi. Mbili za kwanza umeziandika waziwazi. Kilicho muhimu kwako ni kwamba uchovu huu umefungamana na kazi. Kama hata watoto, ibada na watu unaowapenda hawakupi tena furaha, au kama unajiwa na mawazo ya kutotaka kuishi, hilo ni la daktari leo hii, na biashara ingoje.

Maelezo ya shirika hilo yana jambo jingine ambalo wengi hulipita. Yanasema hali hii hutokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Hapo ndipo likizo yako ilipogonga mwamba. Watafiti waliofuatilia watu kabla na baada ya likizo wamekuta kwamba nafuu huwa ni ya kweli, ila hupotea ndani ya wiki chache mtu akirudi kazini. Likizo ilikurudishia nguvu, lakini vile vinavyozila vilikungoja palepale. Ulirudi kwenye meza ileile na simu ileile, tena ukakuta na maswali yaliyolundikana ulipokuwa haupo.

Sasa biashara. Najua unaamini kwamba kazi ni nyingi mno. Mimi nikiisoma barua yako naona watu kumi wanaofanya kazi, na anayeamua ni mmoja. Hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda, kwa sababu ukipaelewa, mengine yote yatafuata.

Ipo hesabu ya foleni, iliyoanzishwa mwaka 1909 na Mdenmark Agner Krarup Erlang alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mahali ambapo mahitaji yanaingia bila ratiba na wa kuyahudumia ni mmoja, muda wa kungoja hauongezeki sawasawa na shughuli zake. Unapaa. Tuseme kila jibu linakuchukua wastani wa dakika 5. Ukiwa umeshikika nusu ya siku, mwenye swali atangoja wastani wa dakika 5 kabla hujamsikiliza. Ukishikika asilimia 80 ya siku, atangoja dakika 20. Ukifika asilimia 90, dakika 45. Ukifika asilimia 95, saa moja na dakika 35. Kutoka 90 hadi 95 kwako ni nyongeza ndogo, pengine oda mbili tatu zaidi, lakini kwa wanaokungoja muda umeongezeka zaidi ya maradufu.

Na wanaongoja hawatulii. Fundi asiyejua atumie karatasi ipi atasimamisha mashine au atabahatisha. Akibahatisha vibaya kazi inarudiwa, na kazi ya kurudia ni oda mpya isiyo na malipo. Mteja anayengoja bei atapiga simu kuuliza imefikia wapi, na simu hiyo nayo ni swali jingine linaloingia foleni ileile. Ndiyo maana unahisi kwamba kadiri unavyokazana ndivyo mambo yanavyozidi kukukimbia. Huo si udhaifu wako, dada. Mtu yeyote ukimweka kwenye kiti hicho atachoka vivyo hivyo.

Kwa hiyo kazi yetu ni kupunguza maswali yanayokufikia, kabla ya kuhangaika na namna ya kuyajibu haraka. Hii ndiyo sababu programu naiweka mwisho kabisa. Itakupangia maswali yako vizuri, kwa rangi na kwa tarehe, na yote bado yatakuwa na jina lako.

Kwa wiki mbili zijazo usibadilishe chochote. Weka daftari mezani, na kila anayekuletea swali, andika mambo manne katika mstari mmoja: nani kauliza, kauliza nini, umemjibu nini, na umetumia kigezo gani kumjibu. Hicho kigezo ndicho mali. Wengi huandika swali na jibu tu, na mwisho wa wiki wanabaki na orodha ya malalamiko. Mstari mzuri ungesomeka hivi: "Mapokezi. Mteja wa vipeperushi anaomba punguzo la asilimia 5. Nimekubali. Ni oda yake ya tatu, analipa kwa wakati, na karatasi yake tunayo stoo." Angalia kilichomo humo. Tayari ni kanuni kamili, na mhudumu wa mapokezi angeweza kuitumia bila kukuinua kitini, ila hakuwahi kuambiwa. Ilikuwa kichwani mwako peke yako kwa miaka saba.

Kuandika kutakuchosha siku za mwanzo. Vumilia, na usimpe mtu mwingine akuandikie, kwa sababu kigezo unakijua wewe tu.

Wiki mbili zikiisha, kaa mahali pa utulivu usome daftari lote. Utakuta maswali machache yanajirudia kwa wateja tofauti. Kabla ya kuyagawa, tafuta kwanza nafasi ya kupumua, kwa sababu kujenga taratibu kunadai muda, na muda ndio usio nao. Hapa nina ushauri ambao wafanyabiashara wengi hawaupendi: acha aina moja ya kazi. Pitia oda za miezi mitatu iliyopita, kisha ulinganishe na daftari lako. Kila aina ya kazi imekuletea maswali mangapi, na imekuachia faida kiasi gani? Mara nyingi huwa kuna aina moja, hasa zile kazi ndogondogo za nakala chache zinazobadilishwa kila mara, inayokula maswali kupita zote na kuacha faida ndogo kuliko zote. Hiyo iache, au iwekee kiwango cha chini cha oda kitakachoifanya ilipe. Wala usianzishe huduma mpya, mashine mpya au tawi jipya kwa miezi mitatu. Najua fursa zitakuja katika miezi hiyohiyo. Ziache zipite.

Sasa tugawe maamuzi. Kwa kila swali lililojirudia jiulize mambo mawili: akiamua mwingine akakosea, hasara ni kiasi gani, na inarekebishika? Yale ambayo hasara yake ni ndogo na inarekebishika, yatoe mikononi mwako wiki hiyohiyo. Nani apeleke mzigo, rimu ngapi zitolewe stoo, nani abaki jioni: hakuna sababu ya hayo kukufikia. Yale makubwa yasiyorudi nyuma, kama mkopo, kununua mashine, kuajiri na kuachisha mtu kazi, baki nayo. Kazi yenyewe iko katikati, kwenye bei, punguzo na mikopo ya wateja, na humo ndimo maswali yako mengi yamo.

Haya ya katikati huhamishwa kwa kuwekewa mipaka ya namba. Chukua punguzo. Usichague asilimia kwa kukisia. Anza na faida inayobaki katika oda ya kawaida baada ya kutoa karatasi, wino, umeme na kazi ya mikono. Kama faida yako ni asilimia 25 ya bei, basi punguzo la asilimia 10 ya bei limekula asilimia 40 ya faida yote. Ifanye hesabu hiyo mbele ya wafanyakazi wako, kwa oda moja halisi, ubaoni. Watu wanaofikiriwa kuwa "hawajali" mara nyingi hawajawahi kuonyeshwa faida inakaa wapi. Wakishaiona, weka mpaka. Kwa mfano: mapokezi anaweza kutoa hadi asilimia 5 kwa mteja aliyekwisha kulipa oda mbili kwa wakati, hadi asilimia 8 aamue msimamizi wa uzalishaji, kinachozidi hapo ndicho kije kwako. Kila punguzo linaandikwa siku hiyohiyo pamoja na sababu yake, nawe unasoma orodha nzima mara moja kwa wiki, kwa saa moja, siku moja maalumu. Hapo bado una mamlaka yote juu ya bei zako, ila unayatumia mara moja kwa wiki badala ya mara ishirini kwa siku.

Mpaka ukishauweka, uheshimu. Mhudumu akitoa asilimia 5 mahali ambapo wewe ungetoa 3, hajakosea. Ukimgombeza siku hiyo, kesho atarudi kukuuliza, na hao wengine wote watakuwa wamejifunza kutoka kwake. Kama unaona mpaka ni mpana mno, ubadilishe kwa maandishi wiki inayofuata, kwa wote, bila kumtaja mtu.

Viwanda vya Toyota vina desturi inayonisaidia kulieleza hili. Mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba iliyo juu ya kituo chake, naye kiongozi wa timu anakuja mara moja. Likitatuliwa kabla gari halijafika mwisho wa kituo hicho, kazi inaendelea bila kukatika. Lisipotatuliwa, mstari unasimama. Watu husifu ile ruhusa ya kusimamisha mstari. Mimi huangalia zaidi yule kiongozi anayekuja mara moja, na anayekuja wala si mwenye kiwanda. Kwako wewe, anayeitwa fundi anapokwama awe msimamizi wa uzalishaji, aliyetajwa kwa jina, naye awe na ruhusa ya kumaliza jambo.

Kuhusu kuandika taratibu zenyewe nitasema machache, kisha nikuonyeshe moja. Aandike anayeifanya kazi, wewe usahihishe. Ukiandika wewe utaandika kazi inavyotakiwa kuwa, na itakaa kabatini. Iwe ukurasa mmoja. Anza na kazi tatu tu zinazokukosesha usingizi, na kwa mchapaji nina hakika prufu, ile nakala ya kuhakikiwa kabla ya kuchapa, ni mojawapo. Orodha ya prufu inaweza kuwa hivi: majina na namba za simu zimesomwa kwa sauti na mtu ambaye hakuzichapa, kila tarehe imelinganishwa na siku yake kwenye kalenda, kipimo ni cha baada ya kukata, na milimita 3 za ziada zimeachwa kila upande kwa ajili ya kisu, rangi zimewekwa za uchapaji, si za skrini, idadi na aina ya karatasi vinafanana na fomu ya oda, mteja ameidhinisha kwa maandishi, na ujumbe wake umehifadhiwa pamoja na oda. Mistari sita, na chini yake sahihi ya dizaina na ya fundi wa mashine. Bila sahihi zote mbili sahani ya kuchapia haitengenezwi. Hii ya sahihi usiilegeze hata siku ya haraka, maana makosa makubwa hufanyika siku za haraka.

Huenda dizaina wako mzoefu akanung'unika kwamba anafanywa mwanafunzi. Mweleze habari ya madaktari wa upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kuhakiki kabla, wakati na baada ya upasuaji, mambo ya wazi kabisa kama jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa. Ikajaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hao walikuwa wataalamu waliosomea kazi yao kwa miaka mingi. Orodha iliwashikia yale ambayo kichwa kilichochoka huyaacha yakapita, na kichwa cha dizaina jioni ya siku ya tano ni kichwa kilichochoka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko prufu na punguzo, ingawa hukulitaja: ahadi unazotoa. Unaposema oda hazikatiki, nasikia pia kwamba hakuna oda inayokataliwa wala kuahirishwa. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi sana: idadi ya kazi zilizomo ndani ni sawa na kasi ya kuzikamilisha mara muda ambao kila kazi hukaa. Ihesabu kwako. Kama mnakamilisha oda 6 kwa siku na zilizomo ndani ni 60, basi oda ya wastani inakaa siku 10. Ukimwambia mteja siku tatu, umemwahidi kisichowezekana, hata kama nia yako ni njema. Kisha kwa siku saba zinazobaki unaomba radhi. Naamini sehemu kubwa ya hasira unayoisikia simu ikilia inatoka hapo, kwa sababu unajua kabla ya kupokea kwamba utalazimika kujitetea.

Hesabu oda mnazokamilisha kweli kwa siku, kwa wastani wa mwezi mzima, siku mbaya zikiwemo. Ukitaka kila kazi itoke ndani ya siku tano, na kasi yenu ni 6, basi zilizomo ndani zisizidi 30. Weka ubao mapokezi wenye nafasi za kila siku. Mapokezi anajaza nafasi iliyo wazi, na tarehe anayompa mteja inatoka ubaoni, haitoki kwako wala kwenye huruma. Acha nafasi moja kila siku kwa ajili ya dharura na uitoze bei ya dharura, iliyoandikwa. Nafasi zikijaa, mteja anaambiwa tarehe ya karibu iliyopo. Wachache wataondoka. Wengi watabaki, kwa sababu mteja wa uchapaji ana sherehe au mkutano wenye tarehe yake, na anachokihitaji kuliko kasi ni kujua kwa hakika mzigo utatoka lini. Wiki za kwanza utaona oda 60 ulizo nazo haziishi haraka, na utashawishika kulegeza. Maliza kwanza zilizoanza. Kila kazi iliyoanzwa ikasimama inakupa swali jingine.

Kuhusu saa tisa usiku, upo utafiti wa mwaka 2011 wa E. J. Masicampo na Roy Baumeister ambao nimeona faida yake kwa watu wengi niliowashauri. Waliona kwamba jambo ambalo halijakamilika huendelea kuingilia mawazo ya mtu anapofanya mengine, lakini akishalipangia mpango mahususi, linatulia, ingawa bado halijafanywa. Akili ilichotaka ni kujua lini na vipi. Kwa hiyo, robo saa kabla ya kufunga, msimamizi wako na wewe mpite mbele ya ubao. Kila oda iliyo ndani iwe na hatua inayofuata, jina la anayeifanya, na saa. "Kadi za harusi, kukata, Jumatano asubuhi," na jina la mkataji. Ile isiyo na jina ipewe jina papo hapo. Kama bado utaamka usiku, weka karatasi kando ya kitanda, andika neno moja la kukukumbusha, zima taa. Baada ya mwezi robo saa hiyo ataiendesha msimamizi peke yake, nawe utatumiwa picha ya ubao.

Fedha na simu nitazigusa kwa haraka. Kazi isianze bila malipo ya awali yanayotosha angalau gharama ya karatasi na wino, na anayekopeshwa awe kwenye orodha iliyoandikwa, yenye kikomo kwa kila mteja. Jilipe mshahara wa kudumu tarehe moja kila mwezi, hata uwe mdogo, maana mwenye biashara anayekula kilichobaki hajui kama anachoka kwa faida au kwa hasara. Namba yako binafsi iondoe kwenye kadi, fomu na mabango. Wateja wa zamani watambulishe kwa mhudumu atakayewashika, kwa simu moja fupi inayomtaja kwa jina na kumsifia kazi yake. Wakikupigia tena, pokea kwa upole na uwarudishe kwake kila mara, hata kama jibu unalijua.

Hapo kwenye "hata kama jibu unalijua" ndipo penye ugumu wote, na nakuandikia nikijua kwamba patakuuma. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya uchovu huu mwaka 1974 baada ya kuuona katika kliniki ya bure New York, alieleza kwamba walio hatarini zaidi ni wale waliojitoa kwa moyo wote. Wewe ni miongoni mwao. Utamwona fundi akifanya kwa dakika arobaini kazi ambayo wewe ungeimaliza kwa ishirini, na mikono itakuwasha. Utasikia mapokezi akijibu mteja kwa maneno ambayo usingeyatumia. Kigezo chako hapo kiwe kimoja: je, mteja atapokea kitu alichoahidiwa? Kama ndiyo, nyamaza, ondoka eneo hilo. Akija mtu na swali lililo ndani ya mpaka wake, muulize, "Wewe ungefanyaje?" Akijibu vizuri, mwambie afanye hivyo, na kwamba mara nyingine asije. Akijibu vibaya, umegundua mahali ambapo utaratibu haujaeleweka, na huo ni ugunduzi wa bei rahisi. Uzuri wa kazi yako ndio uliowaleta wateja miaka saba, nami sitaki upotee. Nataka ukae kwenye maandishi na kwenye mikono ya watu tisa, kwa sababu mwilini mwako hauna tena pa kukaa.

Baada ya mwezi na nusu hivi, anza kujaribu kutokuwepo. Nusu siku, simu imezimwa, si kuwekwa kimya. Kisha siku nzima. Kisha siku tatu. Ukirudi usiulize nani kakosea. Uliza ni swali gani lilikwama, na hilo ndilo linaloandikiwa utaratibu unaofuata. Mara ya kwanza yatakwama mengi. Usiyachukulie kama ushahidi kwamba hawawezi bila wewe.

Nirudi kwenye ushauri uliopewa. Meneja usimwajiri sasa. Akiingia mahali ambapo vigezo viko kichwani mwako, atageuka mjumbe: watamuuliza yeye, yeye atakuuliza wewe, na utakuwa umeongeza mshahara mmoja na hatua moja kwenye foleni ileile. Miezi minne ikipita na taratibu zikishika, huenda ukakuta mmoja wa hao tisa ameshaanza kuifanya kazi hiyo. Mwongeze mshahara na cheo kabla hujatangaza nafasi nje. Programu inunue wakati ubao umejaa hadi hautoshi, ukiwa unajua hasa unataka ifanye nini.

Kufunga nako kusiamuliwe na mtu asiyelala. Jipe hiyo miezi minne. Kama usingizi umerudi, maswali yamepungua daftarini, na bado ukiamka hutaki kabisa kazi ya uchapaji, basi una haki ya kuiacha, na hakuna wa kukulaumu. Wakati huo pia utakuwa na kitu cha kuuza, maana mnunuzi hulipia biashara inayoendeshwa kwa taratibu zilizoandikwa, na huikwepa ile ambayo yote iko kichwani mwa mwenyewe.

Pima afya wiki hii. Wiki mbili za daftari zikiisha, niandikie maswali matano yaliyojirudia zaidi pamoja na vigezo ulivyotumia na faida ya oda yako ya kawaida, tuyawekee mipaka pamoja.